Barua Mbili Kutoka Chuo cha Kilele

Siku hizi Chuo cha Kilele huamua nani ni mhitimu wake watu wakishatimiza miaka hamsini, kikishaona nani kafanikiwa. Barua zilifika Jumamosi. Lutengano, aliyesota pale miaka minne halafu kila biashara aliyoigusa ikafa, aliarifiwa kwamba hakuwahi kusoma hapo. Mkewe Atuganile, aliyeishia darasa la saba na sasa ana viwanda vitatu vya sabuni, alipewa shahada ya uchumi.

Jioni Lutengano alimpunguzia mkewe mikono ya joho lake mwenyewe la zamani, limkae vizuri.

"Chuo tulisota jamani," Atuganile akashusha pumzi mbele ya kioo. "Yale maharage!"

"Yalijaa mawe," Lutengano akajibu kwa kujisahau, pini mdomoni.

Atuganile akamgeukia taratibu. "Baba Sekela, wewe umejuaje?"