Kitabu Kisicho na Jalada

Jeanne aliweka kikombe cha uji mbele ya Mwalimu Tharsisi, akakaa, bila kukionja.

Mwalimu alitega sikio. Huku Buha, nchi ya Waha, anayekukaribisha kinywaji hupiga funda moja kwanza mbele yako, ujue hakina neno. Jeanne alitokea Kongo, akakulia kambini Nyarugusu, lakini adabu hiyo aliishika tangu siku aliyoajiriwa. Mwaka mzima, kila alasiri, Mwalimu alisikia funda lake kabla ya kukabidhiwa kikombe. Leo alisikia mvua ya Desemba tu, juu ya bati la nyumba yake pale Kasulu. Akauacha uji upoe.

Kusikia ndiko kulikobaki. Macho yalimwishia mwaka juzi, naye akaficha. Miwani ikabaki usoni kama pambo. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nenda kamwambie hayo mtu mwenye jina! Mwandishi wa *Nabintu Hajavuka*, kitabu kilichomtangaza mwaka 2003, angekiri vipi kwamba hawezi kusoma hata risiti ya dukani? Watu walisema anawajua wakimbizi kuliko wanavyojijua wenyewe, maana alifundisha kambini Nyarugusu miaka miwili. Na kila Desemba redio ya Kibondo ilimwomba ataje vitabu vitano alivyovipenda mwaka ule, wauza vitabu wa Kasulu na Kibondo wakaagiza kwa kumfuata yeye. Basi Jeanne alisoma kwa sauti, Mwalimu akasikiliza, na siri ya mtungi akaijua kata peke yake.

Vinne alishavipanga. Cha tano, ambacho moyoni mwake kilikuwa cha kwanza, kilimnyima raha.

Kilikuwa chepesi mkononi, karatasi zake laini, kinanuka moshi.

"Hakina jalada, papa," Jeanne alisema siku alipokileta; kwao papa ni baba.

"Nani kakiandika?"

"Jina iko ndani. Tutaifikia."

Kilimhusu mwanamke asiyetajwa jina. Watu walimwita Mgeni tu. Alimwachia mtu furushi lake amtunzie, mtu akahama nalo. Sasa Mgeni alikuwa akimtafuta mlango kwa mlango katika vilima hivi hivi, kuanzia Mabamba mpakani, akashuka Kibondo, akaja Kabanga. Hagombi, halii. Anabisha hodi, anatazama ndani, anakwenda nyumba ya pili.

Mwalimu alikipenda kitabu kile mpaka akakiogopa. Sentensi zake zilimjia kama sauti ya mtu aliyewahi kukaa naye. Tangu sura ya tatu alianza kufunga mlango kwa komeo mchana kweupe, na mwenyewe hakuweza kusema kwa nini. Akitaka kumwambia Jeanne waache, anajikuta anauliza, "Halafu?"

Ulibaki ukurasa mmoja. "Huo tusomee mbele ya redio, papa," Jeanne aliomba. "Watu basikie." Mwalimu akakubali upesi. Ukweli ni kwamba hakutaka kuusikia mwisho ule wakiwa wawili tu ndani ya nyumba.

Firdausi, mtangazaji, aliingia akikung'uta mwavuli. "Shikamoo, Mwalimu. Njia ya kutoka Kibondo ni tope tupu, nikajua leo siwahi." Akatega kipaza sauti mezani, karibu na kile kikombe, akaunganisha simu. Wakawa hewani moja kwa moja.

Mwalimu alitaja vitabu vinne kwa mbwembwe zake za kila mwaka. Alipofika cha tano akashusha sauti.

"Nimekingoja kitabu cha namna hii zaidi ya miaka ishirini. Aliyekiandika anatuzidi sisi sote. Kama yu hai, namwamkia."

"Na chako je?" Firdausi akatania. "Wasikilizaji hawachoki kuuliza. Nabintu ulimwacha ufukweni, mtoto mgongoni, anangoja boti. Alivuka, hakuvuka?"

"Kalamu ilikauka, binti yangu," Mwalimu akajibu, kama alivyojibu miaka yote. "Tusikilize. Macho ya mzee yanachoka, huyu binti atatusomea."

Jeanne akasoma taratibu, bila haraka yoyote. Mgeni alifika nyumba ya mwisho. Alibisha. Kutoka ndani mwenye nyumba aliuliza, nani? Mgeni akamshusha mtoto mgongoni, akamweka kizingitini.

"'Ni mimi,' akasema. 'Nabintu. Nimevuka.'"

Mvua ilinyesha. Mwalimu alinyoosha mkono kutafuta kikombe, akakumbuka hakikuonjwa, akaurudisha mkono mapajani.

"Nabintu?" Firdausi alicheka kidogo. "Hebu nikione." Karatasi zikachakarika. "Mwalimu, mbona hiki hakikuchapwa? Hili ni daftari la shule. Limeandikwa kwa mkono." Akaliinamia. "Eugène Byamungu. Nyarugusu, mwaka 2000. Kitabu cha Pili."

Jasho lilimchuruzika Mwalimu nyuma ya miwani.

"Dada," Firdausi akasema, na sasa hakuwa akizungumza na Mwalimu tena, "huyu Eugène ni nani?"

Jeanne alichukua kile kikombe, akanywa uji wote mpaka chini, akakirudisha mezani.

"Ni papa yangu, Mungu amuweke pema," akasema, kinywa karibu na kipaza sauti. "Alikuwaka na kaye mbili, daftari kama hii. Ya kwanza alimuazima mwalimu wetu wa kule kambini asome. Tungali tunangojea amalize."