Kisanduku Kilichorudi Kuuliza

Jino lilidondoka juu ya kibodi, likabaki hapo katikati ya vitufe. Fundi wa kompyuta alilitazama kwanza, ndipo akatambua kwamba ni lake.

"Mtaje," mlinzi wa karakana akasema, akainua tena nondo.

Jana yake tu walikuwa wamesimama bega kwa bega kaburini, maana fundi amemwoa dada wa mlinzi. Waliyemzika ni kitindamimba wa nyumba ile, aliyepondwa na mashine ya kukunja mabati. Mama mkwe hakuwa ametia kitu mdomoni tangu msiba, na mtoto wa kiume aliyembakia ni huyuhuyu mwenye nondo.

Kisa chenyewe hakikuwa na mzunguko. Fundi aliiandikia mashine agizo jipya: mlango wake ukifunguliwa, isimame. Akahifadhi, akamwambia shemeji yake mdogo aondoe wasiwasi. Kesho yake marehemu akafungua mlango, akajiingiza nusu mwili kuvuta bati lililokwama, na mashine haikusimama. Agizo halikuwemo. Mtu alikuwa amelifuta.

"Aliyemuua mdogo wangu, awe nani, atamfuata kaburini," mlinzi aliapa mbele ya jeneza. Na yeye si mtu wa kula matapishi yake.

Nondo ikatua begani. Mfupa ulivunjika kwa sauti, na fundi akalia bila aibu.

Alitaka kueleza kwamba programu ile ni kuukuu na ina ugonjwa wake. Ukishahifadhi, inakaa kimya kidogo, halafu kisanduku kinarudi kuuliza tena kama uhifadhi. Ukikiacha hakina neno. Ukijibu Hapana, kinafuta hata kile ulichokwisha kuhifadhi. Jioni ile hakukingoja, alikimbilia nyumbani kwa mtoto mgonjwa, na nyuma yake kuna mtu alikijibu. Nani, hakujua. Wallahi angemjua angemtaja papo hapo. Lakini alipofungua tu mdomo, teke likaufunga.

"Maneno ya nini? Nionyeshe ulivyofanya."

Fundi akaandika kwa mkono mmoja, damu ikichuruzika kwenye vitufe. Akahifadhi. "Hivi tu, shemeji. Kisha nikaondoka."

Jibu hilo halikumtosha mlinzi. Alimkaba koo, akamgongesha kichwa ukutani, mara moja, mara ya pili, rafu ikatikisika na misumari ikamwagika sakafuni. Hakuwa na simile. Alikuwa akilia na yeye, machozi na kamasi, huku akipiga.

Ndipo kisanduku kikachomoza kwenye skrini, kikitoa mlio wake mwembamba.

Mlinzi akageuka, akakunja uso. Bila kuachia koo la mwenzake akashika kipanya kwa mkono wa pili, akabonyeza Hapana pasipo hata kusoma.

"Kidude hiki nacho," akanung'unika. "Hata jioni ile kilinisumbua hivihivi, nilipokuja kuzima kompyuta."

Fundi akaacha kupapatika. Alimtazama shemeji yake usoni, macho yaleyale ya mama mkwe.

Mlinzi akamwachia koo, akaokota nondo. "Mara ya mwisho nakuuliza. Nani alimuua mdogo wangu?"

"Mimi, shemeji," fundi akasema. "Piga."