Hina ya Mkono wa Pili

Vidole vya Nyevu, mchora hina, vilikufa ganzi ua likiwa nusu, na mstari wa hina ukateleza hadi kwenye kifundo cha mkono wa bibi harusi.

Wanawake waliojaa kwenye baraza ile ya Kibokoni wakainama kutazama. Leo Nyevu alikuwa akichora ili malipo yake yachangie utafiti wa ugonjwa ule ule unaomla yeye mishipa ya fahamu.

"Niwie radhi, mwanangu. Vidole havinisikii."

Somo wa bibi harusi, yule mama anayemfunda, akachukua kitambaa afute kabla hina haijashika. Bibi harusi akamzuia. Akautazama ule mstari uliopinda kama mzizi, kisha akapandisha buibui upande wa pili na kumnyooshea Nyevu mkono ambao haujachorwa.

"Na kwenye huu upinde mstari vivyo hivyo, mama. Mikono ya harusi sharti ifanane."