Mwezi wa Mtu Mmoja

Kitwana alichuchumaa katikati ya mihogo kijijini Kibuta, jua likimchoma utosi, mkononi ana kipande cha mkate wa kumimina ambacho hakuthubutu kukila. Vita vya Hitla ndiyo kwanza vimekwisha mwaka ule. Kijiji kizima kilikuwa kimefunga, na yeye peke yake alijua kuwa leo ni Idi.

Jana magharibi aliuona mwezi. Ulikuwa mwembamba, ukipepesa jicho tu umeshakupotea, lakini aliuona. Akakimbilia msikitini kwa furaha.

"Nani mwingine kauona?" Mwalimu Salehe aliwauliza waumini.

Hakuna aliyeinua mkono. Mmoja akacheka chini kwa chini. Mwaka uliopita mwalimu mwenyewe ndiye aliyesema kauona, watu wakasali Idi, kumbe Kisarawe yote bado wamefunga. Mpaka leo wanamtania.

"Mwezi wa Idi unataka mashahidi wawili," mwalimu alisema, macho chini. "Mmoja hatoshi. Ila aliyeuona peke yake, kufunga kwake haramu. Ale kwa siri, asiwavuruge wenzake."

Shuleni Kitwana alifundishwa kwamba moja ni namba. Msikitini moja ilikuwa sawa na sifuri. Akifunga, anamwasi Mungu. Akionekana anakula, watasema alibuni mwezi kwa sababu ya tumbo lake, na posa yake kwa Mwanaamina, binti wa mwalimu, itarudishwa siku hiyohiyo. Mwalimu alishaapa kwamba hamwozeshi bintiye mla mchana. Na Kitwana alimpenda Mwanaamina hata usingizi ulimkataa.

Alijiona kama panya mtegoni. Mwishowe akafumba macho, akauma mkate.

Majani yakachakarika. Alipofumbua macho aliona kanzu nyeupe imesimama mbele yake.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, mdomo umejaa.

"Marahaba."

Mwalimu Salehe aliutazama mkate. Akageuka, akachungulia njia aliyojia, akahakikisha hakuna mtu. Kisha akaketi chini kando yake, akaingiza mkono ndani ya kanzu na kutoa muhogo wa kuchoma.

"Mimi jana niliuona ukiwa juu ya paa la nyumba ya jumbe," alisema, akaanza kutafuna.