Kwenzi na Mashine ya Mipaka

Haya, uape kwanza kuwa hutamwambia mtu. Nami niliapishwa hivyo hivyo, basi sikiliza.

Wapima ardhi walisimamisha shambani mashine yao ya miguu mitatu, ile inayoongea na setilaiti. Ndege Kwenzi akaifanya kiti chake, akajipa ukarani wa mipaka. Kila iliposikika "tii!" alitangaza kuwa setilaiti imempa tawi jingine.

Siku moja akarukia mkuyuni, alikoatamia Bi Ninga.

"Tawi hili langu. Hama!"

"Jamani, Bwana Kwenzi, na mayai haya niyafunge kwenye kanga?"

"Usibishane na setilaiti, mama!"

Ndege wakajaa mtini, kila mmoja na lake. Bi Ninga machozi yakamlengalenga, lakini akasema, "Basi mashine iseme mbele ya mashahidi, nami nitahama."

Kwenzi akaipa mashine mgongo, akafumba macho kwa madaha.

"Tii!"

"Mmesikia?"

"Tumesikia," akajibu Bi Ninga. "Ila mashine yenyewe ile, wapimaji wameshaikunja, inapakiwa garini."

Ndege wote wakamgeukia Kwenzi. Mdomo bado ulikuwa wazi, na "tii" ya pili ikamponyoka.