Mlango wa Kufungwa kwa Nje

Kila jioni, wakishakula, mpishi alimkabidhi mkewe ufunguo na kumwomba amfungie chumbani kwa nje.

Alimwambia kwamba siku hizi anatembea usingizini, anaogopa asije akaumiza mtu. Mkewe hakuuliza mengi. Alitandika godoro sebuleni, akahamia huko na mjukuu waliyekuwa wakimlea.

Ukweli mpishi aliumeza. Siku moja kantini, akiwa anakata nyama, yule mjukuu, aliyekuwa amekuja naye kazini, alimkimbilia miguuni, na wazo likamshukia ghafla: kisu hiki, shingo ile. Kisu kikamponyoka. Tangu hapo wazo likamganda. Visu vya nyumbani alivitoa vyote, mkate wakawa wanaumega kwa mikono. Kazini aliomba apelekwe kuosha masufuria. Mtoto akinyoosha mikono abebwe, babu alisingizia mgongo, kisha akaenda kulia chooni.

"Umefunga?" aliuliza kila jioni kutoka kitandani.

"Nimefunga, mzee wangu."

Hapo ndipo roho yake ilipotulia, akalala kama gogo, peke yake kwenye kitanda kipana.

Yalipomfika shingoni, alikwenda hospitali kujisalimisha. Alimweleza daktari kila kitu, kisha akangoja polisi waitwe. Daktari hakugusa simu. Alimwambia huo ni ugonjwa wa mawazo yanayong'ang'ania. Wengi wanaujua ule wa kunawa mikono mpaka ngozi ichubuke, lakini na huu upo, na mara nyingi humshika mtu pale pale anapopenda zaidi. Tiba ipo.

"Mwenye nia ya kuua hajifungii, mzee," alisema.

Mchana ule ule mpishi alirudi nyumbani, akamketisha mkewe, akamwaga yote, macho yakiwa sakafuni. Alipomaliza alimwomba radhi kwa kumlaza sebuleni miezi yote ile.

Mkewe alijifuta macho kwa kiganja.

"Sebuleni nilale na nani?" alisema. "Ukianza tu kukoroma nilikuwa nafungua, naingia kulala, alfajiri natoka nafunga tena. Mimi ukutani, wewe huku. Na mjukuu wako katikati, kaukumbatia mkono wako."