Mtambo wa Staha

Siku hizi mtambo wa staha hulainisha kila neno kali kabla halijafika hewani. Bi Mwanakombo alipiga simu redioni, analia: "Jamani, msinywe maji ya kisima! Kipindupindu kimemuua Rukia wangu!"

Kwenye redio iliyokuwa dirishani kwa jirani akajisikia mwenyewe, sauti tamu kama ya bi harusi: "Wapendwa, kisima chetu kina changamoto ndogo. Rukia ametutangulia."

Akatoka mbio, kanga inamdondoka, hadi kisimani. Mama Shani alikuwa anateka maji, mwanawe kando.

"Kipindupindu, Mama Shani! Kitamuua!"

"Pole kwa msiba, shoga yangu, lakini maneno gani hayo mbele ya mtoto?"

Akamziba mtoto masikio. Kelele zilipomwishia Mwanakombo, Mama Shani akamwinulia mwanawe kata ya maji, anywe, atulie.